Nilivyogundua wateja wa duka letu la leso mtandaoni wanakwama wapi

Duka la leso ninalolisimamia mtandaoni, ambalo mwenyewe yuko Mombasa, lilikuwa na wageni wengi na wanunuzi haba. Takwimu za kawaida zilinionyesha idadi ya waliofungua kila ukurasa na walioondoka, lakini hazikueleza mtu alikuwa akitafuta nini kabla ya kuondoka. Mwenye duka, mama aliyeuza leso tangu ujana wake, aliniuliza: “Mwanangu, mteja akija kwangu namwona ameshika leso gani na ameiachia wapi. Huko kwenye simu, wewe waona nini?”

Ili nipate jibu nilichagua Hotjar, programu ya kurekodi wanachofanya wageni wa tovuti, ya kampuni iliyoanzishwa Malta mwaka 2014 na ambayo mwaka 2021 ilinunuliwa na Contentsquare ya Ufaransa. Unabandika kipande kifupi cha msimbo katika tovuti, nacho hunakili matukio: kidole kimegusa wapi, ukurasa umesogezwa hadi wapi, mtu amerudi nyuma lini. Rekodi unayoitazama baadaye si video ya skrini ya mteja, kwa maana programu huujenga upya ukurasa kutokana na matukio hayo. Miguso ya wageni wengi ikijumlishwa hutoa ramani ya joto, ambayo hukoleza rangi pale palipoguswa zaidi.

Faragha niliishughulikia kabla ya kuwasha chochote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba baadhi ya programu za kurekodi ziara zilikuwa zikikusanya taarifa nyeti ambazo watu waliziandika katika fomu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa hiyo nilihakikisha kuwa maandishi ya mteja yanafichwa, nikaficha pia sehemu za ukurasa zinazorudia jina na anwani yake, kisha nikaweka ombi la ridhaa kwa Kiswahili chepesi, na asiyekubali harekodiwi. Naamini mfanyabiashara asiyeweza kumweleza mteja wake waziwazi kuwa anatazamwa hana haki ya kumtazama.

Ramani ya joto ya ukurasa wa bidhaa ndiyo iliyonifumbua macho. Rangi haikukolea kwenye kitufe cha kununua wala kwenye bei. Ilikolea katika picha, chini ya mji wa leso, yaani sehemu yake ya katikati, pale palipoandikwa jina, yaani msemo wake. Katika rekodi niliona watu wakigusa pale pale mara kwa mara, wakijaribu kuikuza picha ambayo haikuwa imewekewa uwezo wa kukuzwa, kisha wakaondoka. Nilipomwonyesha mama hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa anajua hakuna anayempelekea wifi yake leso bila kwanza kusoma inasema nini. Tuliifanya picha ikuzike, na chini yake tukaandika jina kwa herufi zinazosomeka na kutafutika.

Kikwazo cha pili kilikuwa katika fomu ya malipo. Wateja walioko Oman na Dubai, ambao wengi wao huwanunulia jamaa zao walioko nyumbani, walifika kwenye namba ya simu wakasimama, kwa sababu fomu ilikubali namba za Kenya pekee. Rekodi ilinionyesha mahali tu, si sababu, kwa hiyo niliongeza swali moja fupi katika ukurasa huo, na majibu yao yakathibitisha. Aliyeitengeneza fomu aliirekebisha siku hiyo hiyo.

Maagizo kutoka Ghuba yameanza kukamilika, na wanaofungua picha ya leso sasa husogea hadi kwenye bei. Nimebakisha rekodi katika ukurasa wa malipo peke yake, ambako bado nataka kujua kwa nini baadhi ya wateja husita kwenye gharama ya usafirishaji. Katika kurasa nyingine nimezima kurekodi, kwa kuwa huko sina swali ambalo jibu lake lingenifanya nibadilishe chochote.