Siku Mbili za Kushika Breki Morzine

Leo asubuhi nimeshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya asali. Kifuniko chenyewe hakikuwa kigumu, ila vidole vyangu vimegoma kukunjika, na chini ya kila kidole cha shahada pana lengelenge lililokwisha kupasuka. Nilipobisha hodi kwa jirani ili anifungulie, aliniuliza nilikuwa wapi mwisho wa juma, nami nikamjibu kwamba nilikwenda milimani kuendesha baiskeli. Jibu la kweli zaidi lingekuwa kwamba nilikwenda milimani kushika breki.

Tulikuwa watano, wote wa ofisi moja hapa Geneva, na tuliondoka Ijumaa baada ya kazi kuelekea Morzine, mji mdogo wa Ufaransa ulio kwenye bonde la mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari. Morzine ni sehemu ya eneo linaloitwa Portes du Soleil, ambalo lina vituo kumi na viwili vya michezo ya milimani, vingine upande wa Ufaransa na vingine upande wa Uswisi. Wakati wa baridi watu huja huku kuteleza kwenye theluji. Theluji ikishayeyuka, kebo zilezile zilizokuwa zikiwapandisha wenye mbao za kutelezea hufungwa ndoano za kutundikia baiskeli, na njia za kiangazi hupakwa rangi kwa kufuata ugumu wake: kijani kwa wanaojifunza, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi kwa wale ambao mimi siwaelewi.

Nilipoketi kwa mara ya kwanza kwenye kiti kile kinachoning'inia, huku baiskeli niliyokodi ikipepesuka kwenye ndoano ya kiti cha mbele yangu, niliwakumbuka vijana niliowaona miaka kadhaa iliyopita nikiwa kwenye basi lililokuwa likipanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama. Wao hung'ang'ania nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu, kisha huteremka kwa kasi ya kutisha wakiwa na mikungu ya ndizi iliyofungwa kila upande wa baiskeli. Kwa hiyo wazo la kupandishwa mlima na mtambo ili ushuke kwa magurudumu si geni kwetu. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kulilipia, na kushuka mikono mitupu.

Nimekulia Lushoto, na kwetu mteremko ulikuwa kazi. Baba alikuwa akishusha kabichi na peasi kwa baiskeli ya Phoenix hadi Soni, na siku nyingine hadi Mombo, kwenye barabara ile iliyojikunjakunja ukutani mwa mlima. Raba za breki zilikuwa zikiisha upesi kuliko fedha ya kununulia nyingine, hivyo breki aliyoitegemea ilikuwa mguu wake wa kulia, ambao aliukandamiza kwenye tairi la nyuma akiwa amevaa katambuga. Nilipoanza kupanda kareja nikiwa na miaka saba, harufu ya mpira ulioungua ilikuwa ikinifikia puani kabla ya kila kona, na hadi leo sijui harufu nyingine inayonipa utulivu wa namna hiyo. Ilimaanisha kwamba baba ameshika, na hatutaanguka.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Morzine bila kujua kwamba nimeyabeba. Jumamosi asubuhi kijana aliyetuongoza alitupanga kwenye uwanja wa nyasi akatufundisha kusimama: pedeli ziwe sambamba, visigino vishuke, viwiko vifunguke kwa nje, macho yatazame mbali kuliko gurudumu la mbele, na kila breki ishikwe kwa kidole kimoja tu. Nilipoisikia hiyo ya kidole kimoja nilicheka. Kisha akasema jambo ambalo wenzangu walilipokea kama la kawaida na ambalo mimi sikulisikia vizuri, yaani kwamba katika baiskeli za huku breki ya mbele iko mkono wa kushoto.

Katika baiskeli niliyozoea, ya mbele iko kulia. Hapa Geneva nimeishi miaka sita nikipanda tramu, kwa hiyo mikono yangu haikuwa imepata sababu ya kubadili elimu yake. Kwenye kona ya tatu ya njia ya bluu nilitaka kupunguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma, nikauvuta mkono wa kushoto kwa nguvu zote, na gurudumu la mbele likasimama palepale. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani nikatua kifudifudi kwenye majani, na kwa bahati kofia ngumu tuliyopewa ilikuwa ya aina ile inayofunika hadi kidevuni, kwa sababu kidevu ndicho kilichotangulia. Nililala pale kwa muda nikisikia kengele za ng'ombe kutoka malisho ya jirani, na niliona aibu zaidi kwa ajili ya ng'ombe wale kuliko kwa ajili ya wenzangu.

Baada ya hapo niliteremka kama mtu anayeshusha kabati la vyombo ngazini. Sikuachia breki hata pale palipokuwa tambarare. Matokeo yake ni kwamba kufika saa nane mchana mikono ilikuwa imekaza kuanzia kiwiko hadi kiganja, na diski ya breki, nilipoisogelea, ilikuwa ikitoa joto kama pasi. Kiongozi wetu alinieleza, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba breki inayoshikwa muda wote haipati nafasi ya kupoa, na kwamba gurudumu lililoshikwa likikutana na mzizi hukwama, ilhali linalozunguka huupanda likapita. Breka kabla ya kona, akasema, breka kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia uingie.

Alinionyesha pia kitu ambacho tangu hapo sikuacha kukiona. Kabla ya karibu kila kona, udongo wa njia ulikuwa umejikunja matutamatuta kama ubao wa kufulia. Matuta hayo hayakuchimbwa na mtu. Yamefinyangwa na maelfu ya magurudumu yaliyovunja mwendo mahali palepale kiangazi chote. Ukitazama vizuri unaweza kusoma watu wameogopa wapi. Na la kuudhi ni kwamba matuta hayo ndiyo yanayokutetemesha hadi ukashika breki zaidi, ukayaongeza urefu kwa ajili ya anayekufuata.

Usiku, wakati wenzangu wakila viazi vilivyookwa kwa jibini ya reblochon hadi wakashindwa kuongea, mmoja wao anayeufahamu mchezo huu alinisimulia asili yake. Watu wa California, katika mlima Tamalpais kaskazini ya San Francisco, walianza miaka ya 1970 kushuka kwa baiskeli nzito za zamani ambazo breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na ilishikwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Mbio zao za kwanza katika mteremko waliouita Repack zilifanyika mwaka 1976, na jina hilo lilitokana na ukweli kwamba grisi ya kitovu iliungua njiani ikawa moshi, hivyo kila aliyefika chini alilazimika kufungua na kupakia grisi mpya. Nilimwuliza kama moshi ule ulikuwa na harufu. Hakunielewa kwa nini nauliza.

Jumapili tulipanda hadi Avoriaz, kisha tukapokezana kebo hadi kwenye ukingo wa Mossettes, zaidi ya mita 2,200, ambako mpaka wa Ufaransa na Uswisi unapita kwenye mawe bila hata geti. Niliwaambia wenzangu kwamba neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia, na kwamba kwa hiyo sisi sasa tulikuwa bodaboda halali. Mbele yetu meno ya Dents du Midi yalikuwa yametoka kwenye mawingu, na barafu bado imebaki kwenye mikunjo yake mwezi Julai.

Katika mteremko wa kuelekea Les Crosets palikuwa na kipande cha mizizi na mawe, kifupi, pengine hatua arobaini. Sitasema nilikuwa jasiri. Vidole vilikuwa vimechoka kiasi kwamba havikuweza tena kukamata, basi nikabreka kwa mara moja juu ya kipande, nikaachia. Baiskeli ikaanza kugonga chini yangu, shokapu zikimeza mawe moja baada ya jingine, na mimi juu yake nikiwa nimetulia kwa namna ya ajabu, kama vile kelele zile zote zilikuwa za mtu mwingine. Nilifika mwisho wa mizizi nikiwa bado wima. Kwenye kona iliyofuata nilishika breki zote mbili tena kwa woga uleule, na kwa haki kabisa nikatoka nje ya njia nikaingia kwenye vichaka.

Jana usiku niliporudi nilimpigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesafiri salama?"

Nikamweleza kila kitu: kebo, rangi za njia, breki ya mbele iliyo kushoto, kidevu changu. Alisikiliza kimya kama anavyosikiliza habari za bei ya mbolea.

"Sasa mlikuwa mnashusha mzigo gani?"

"Hatukuwa na mzigo, baba. Tulikuwa tunajishusha wenyewe."

Alicheka hadi mama akaja kuchukua simu kuuliza kuna nini, na nyuma yake nikamsikia bado anauliza kama huko juu niliona mtu yeyote aliyevaa katambuga.