Oberammergau: Kijiji Kinachogombania Nadhiri Yake

Mwezi wa Oktoba 2018, mbele ya jumba la maonyesho la Oberammergau, kijiji cha Ujerumani kinachoigiza mateso ya Kristo, majina ya wanakijiji yaliandikwa kwa chaki kwenye mbao nyeusi, moja baada ya jingine, huku umati ukisubiri kujua ni nani angekuwa Yesu, ni nani angekuwa Maria, na ni nani angebebeshwa mzigo wa Yuda. Kila nafasi kubwa hupewa watu wawili wanaopokezana jukwaani, kwa sababu onyesho lenyewe huchukua takriban saa tano na hurudiwa mara nyingi kwa wiki, kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Wanaochaguliwa si waigizaji wa kazi. Ni watu wenye shughuli nyingine kabisa, ambao kila baada ya miaka kumi huziweka kando ili kutimiza nadhiri iliyowekwa na watu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Husimuliwa mara nyingi kwamba kijiji hiki kimetunza nadhiri yake kwa imani na utiifu. Nikiifuata historia yake, naona zaidi kwamba nadhiri imedumu kwa sababu kila kizazi kimeigombania: nani anastahili kupanda jukwaani, maneno gani yasemwe, na nani mwenye haki ya kuyabadilisha.

Oberammergau iko kusini mwa Bavaria, jimbo la Ujerumani, katika bonde la mto Ammer, chini ya mlima Kofel wenye kilele cha mawe kinachoonekana karibu kutoka kila mtaa. Wakazi wake ni kama 5,000 hivi. Ardhi haikuwa na rutuba ya kutosha na majira ya baridi ni marefu, kwa hiyo watu walijifunza mapema kuishi kwa njia nyingine mbali na kilimo. Barabara ya biashara kati ya Augsburg na Venice ilipita hapa, na wanakijiji walisafirisha mizigo ya wafanyabiashara. Jirani yao, abasia (nyumba kubwa ya watawa) ya Ettal, ilianzishwa mwaka 1330 na Kaisari Ludwig wa Bavaria, na watawa wake wa Kibenedikto watarudi tena katika habari hii. Kazi iliyokipa kijiji jina, hata hivyo, ni kuchonga mti: misalaba, sanamu za watakatifu, mapango ya Noeli na vitu vya kuchezea watoto. Wachuuzi walivifunga kwenye fremu ya mbao mgongoni na kuvitembeza nchi kwa nchi. Hadi leo kuna shule ya uchongaji kijijini, na wengi wa walioigiza mitume zamani walikuwa watu wa patasi na nyundo.

Wakati wa Vita ya Miaka Thelathini, iliyopiganwa Ulaya katika karne ya 17, tauni ilizagaa Bavaria. Kijiji kiliweka walinzi ili mtu asiingie, lakini masimulizi yanasema kwamba kibarua mmoja aitwaye Kaspar Schisler, aliyekuwa akifanya kazi katika kijiji cha jirani cha Eschenlohe, alipenya usiku ili aione familia yake, na ugonjwa ukaingia pamoja naye. Watu wapatao themanini walikufa. Mwaka 1633 wakuu wa kijiji waliweka nadhiri kwamba, wakiepushwa na tauni, wataigiza mateso ya Kristo kila baada ya miaka kumi, na inasimuliwa kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyekufa tena kwa ugonjwa huo. Onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1634, juu ya jukwaa lililojengwa makaburini, pale pale walipozikwa wafu wa tauni. Kuanzia 1680 maonyesho yalihamishiwa miaka inayoishia na sifuri, na mwaka 1830 jukwaa liliondolewa makaburini na kupelekwa lilipo leo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa na watawala. Mwaka 1770 serikali ya Bavaria ilipiga marufuku maigizo ya namna hii, kwa hoja kwamba siri kuu ya dini haifai kufanywa tamasha, na Oberammergau nao wakazuiwa. Baada ya mwaka 1810 kunyimwa ruhusa tena, kijiji kilikuja na matini mapya kabisa, yaliyoandikwa na Othmar Weis, mtawa wa Ettal, huku muziki ukitungwa na Rochus Dedler, mwalimu wa shule ya kijiji. Muziki wa mwalimu huyo, ingawa umerekebishwa na kupanuliwa, bado ndio msingi wa unaosikika leo. Baadaye paroko Joseph Alois Daisenberger aliyahariri matini hayo, na kazi yake ikaja kuheshimiwa kijijini kiasi kwamba kuigusa kulionekana kama kuigusa nadhiri yenyewe.

Maisha ya kila siku yamefungamana na jukwaa hili kwa namna ambayo mgeni haioni upesi. Kwa onyesho la 2022, mtu mzima alipaswa awe amezaliwa kijijini au awe ameishi humo kwa miaka 20, na zaidi ya watu 1,800 walishiriki, katika kijiji ambacho idadi yake yote nimekwisha kuitaja. Kuanzia Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, hutolewa tangazo kwamba wanaume na wanawake waache nywele zikue, na wanaume wasinyoe ndevu. Wanaoigiza askari wa Kirumi tu ndio walioruhusiwa wembe. Babu, mama na mjukuu hujikuta katika umati mmoja mbele ya Pilato, na wengine huimba kwaya au kupiga ala katika okestra. Sisi tuliozoea maigizo ya Njia ya Msalaba parokiani siku ya Ijumaa Kuu tunaijua hali ya kumwona jirani akiwa Kayafa, ila hapa jirani huyo hutazamwa na zaidi ya watu 4,000 kwa siku moja.

Katikati ya miaka hiyo kumi kijiji hakilali. Tarehe 24 Agosti, mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria wa karne ya 19, huwashwa mioto mikubwa milimani kwa kumbukumbu yake. Mfalme huyo alitazama onyesho mwaka 1871 na akawazawadia wanakijiji kundi kubwa la sanamu za Msalaba. Kuta za nyumba zimechorwa picha zenye rangi nyingi, nyingine kwa mkono wa Franz Seraph Zwinck wa karne ya 18, na Nyumba ya Pilato ndiyo inayosifiwa zaidi. Binafsi naona picha hizo zimepigwa kamera kupita kiasi, na uchongaji ukasahaulika.

Sehemu ngumu ya historia hii ni jinsi Wayahudi walivyoonyeshwa. Matini ya zamani yaliwatupia Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu, na mwaka 1934, katika onyesho la ziada la kuadhimisha miaka 300, Hitler alihudhuria. Baadaye, wakati wa vita, alilisifu kwa sababu hiyo hiyo. Onyesho la 1940 halikufanyika. Maonyesho yaliporudi mwaka 1950, maneno yalibaki karibu yale yale, na kufikia 1970 jumuiya za Kiyahudi zilikuwa zikiwahimiza watu wasiende. Baadhi ya wanakijiji walitaka mabadiliko. Mwaka 1977 walijaribu matini ya Ferdinand Rosner, mtawa wa Ettal wa karne ya 18, ambayo yanamweka Shetani, badala ya taifa zima, kuwa chanzo cha uovu. Kijiji kiligawanyika, wapinzani wakashinda katika uchaguzi wa baraza uliofuata, na mwaka 1980 matini ya Daisenberger yakarudi jukwaani.

Aliyeuvunja mkwamo huo ni Christian Stückl, mzaliwa wa hapo, aliyechaguliwa akiwa bado kijana na kuongoza onyesho kuanzia 1990. Mwaka huo huo mahakama ya utawala iliwapa wanawake ushindi: kabla ya hapo, mwanamke aliyeolewa au aliyetimiza miaka 35 hakuruhusiwa kushiriki, ilhali mwanamume mwenye mke na wajukuu aliigiza bila kuulizwa. Hatua kwa hatua Stückl aliondoa laana ya damu iliyotamkwa na umati (“Damu yake iwe juu yetu na juu ya watoto wetu”), akawafanya wahusika wamwite Yesu rabi, na kumweka wazi kuwa Myahudi kati ya Wayahudi wanaobishana. Tangu 2010 huimbwa Shema Israeli, sala kuu ya Wayahudi, kwa Kiebrania, jambo ambalo kizazi cha 1980 kisingelikubali. Milango ilifunguliwa pia kwa wasio Wakatoliki, na hatimaye kwa wasio Wakristo. Mwaka 2022 msaidizi wa mwongozaji alikuwa Abdullah Karaca, na mmoja wa waigizaji wawili wa Yuda, Cengiz Görür, ni Mwislamu; wote wawili ni wa familia zenye asili ya Uturuki.

Hata saa ya kuanza iliamuliwa kwa kura. Stückl alipotaka Yesu asulubiwe giza likiwa limeingia, badala ya mchana, wapinzani walilalamika kwamba utaratibu wa zamani unavurugwa, na mwaka 2007 suala hilo likapelekwa kwenye kura ya maoni ya wanakijiji. Pendekezo lake lilishinda, na tangu 2010 onyesho huanza alasiri, huwa na mapumziko marefu ya chakula, kisha huisha usiku.

Machi 2020, mazoezi yakiwa yamefika mbali na nywele zikiwa mabegani, korona iliahirisha kila kitu kwa miaka miwili. Watu walikwenda kwa kinyozi. Jumatano ya Majivu ya 2021 tangazo la nywele na ndevu lilitolewa upya, na waliochaguliwa kwa chaki mwaka 2018 wakaanza kujifunza maneno yao tena.