Stesheni wagoni ya Kijerumani kwa bei ya Toyota IST, na kinachokuja nyuma yake

Mbukwenyi wadau. Swali ni lile lile kila wiki, kutoka Area C mpaka Nkuhungu kule Dodoma, na kwa vijana waliotua Uingereza juzi: "Nimeona Audi stesheni wagoni ya 2011, tabo, viti vya ngozi, bei haifiki hata ya IST namba D. Kuna nini hapo?" Kuna gereji hapo. Gereji za huku Uingereza zinatoza kwa saa, na saa moja ukiibadili kuwa shilingi, fundi wa Majengo angekufanyia kazi siku kadhaa na bado angekushukuru. Mwenye gari ameshapewa makadirio ya kazi, akayakunja, akaona heri auze. Wewe unayeona bei ya kutupa ndiye unayetafutwa.

Halafu kuna kejeli ya kwamba stesheni ni gari la kubebea jeneza. Volvo waliingiza stesheni ya 850 kwenye mashindano ya magari ya Uingereza mwaka 1994, na stesheni ya Audi, RS2 Avant, ya miaka hiyo hiyo ilitengenezwa pamoja na Porsche. Basi tuendelee.

Usinunue nembo, nunua injini. BMW mbili zenye sura moja na rangi moja, moja itakutunza na nyingine itakufilisi, kisa herufi tatu au nne zilizochongwa kwenye bloku. Ile dizeli ya lita 2.0 iitwayo N47, iliyofungwa kwenye 320d nyingi kuanzia 2007, cheni yake ya taimingi iko nyuma, upande wa giaboksi. Reli za plastiki zinazoiongoza zikilika, cheni inalegea, na kuifikia lazima ushushe giaboksi au utoe injini nzima. Pesa inakwenda kwenye hizo saa. Cheni yenyewe si ghali. Ikikatika ukiwa barabarani, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Dalili yake ni mkwaruzo unaotoka nyuma ya injini, kama mnyororo wa baiskeli unaoburuzwa ndani ya debe, na unasikika zaidi gari likiwa limelala baridi. Ndiyo maana ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja kwenye boneti. Kama ina joto, amekuwashia makusudi. Mwambie utarudi kesho.

Upande wa Audi na Volkswagen, jihadhari na injini ya petroli yenye tabo, 2.0 TFSI ya familia ya EA888 toleo la pili, ile ya A4 za takriban 2008 hadi 2012. Inakula oili. Ringi za oili ni nyembamba na vitundu vyake vya kurudishia oili ni vidogo, vinaziba kwa masizi, oili inapanda juu na kuungua. Kiwanda chenyewe kinahesabu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa ni kawaida, yaani Dodoma hadi Dar na kurudi unaongeza karibu nusu lita halafu unaambiwa gari ni zima! Tiba ya kweli ni pistoni na ringi mpya, injini ifunguliwe yote. Injini hiyo hiyo, tenshena (kikaza cheni) ya toleo la mwanzo huachia, cheni ikaruka meno. Kuna kifuniko kidogo cha mpira mbele ya injini. Fundi akikivua anaona tenshena ni ya zamani au imeshabadilishwa. Dakika kumi za kazi. Muuzaji akikataa isiangaliwe, ameshakujibu.

Toleo la tatu la EA888, linalopatikana kwenye Skoda Octavia RS ya 2013 hadi 2020 na Golf R stesheni, ni habari nyingine. Ulaji wa oili umepungua sana na cheni inatulia. Udhaifu wake ni nyumba ya themostati na pampu ya maji: ni ya plastiki, inapasuka au gasketi inavuja, maji ya rejeta yanapungua bila tone kuonekana chini kwa sababu yanakaukia juu ya injini. Angalia chupa ya maji, kisha angalia chini ya manifodi (mabomba ya kuingizia hewa) kwa tochi, utafute ukoko wa rangi ya waridi.

BMW nao wana petroli nzuri, B58, silinda sita, lita 3.0, ile ya 340i. Toyota wenyewe waliikubali wakaifunga kwenye Supra ya 2019. Bado gasketi ya nyumba ya filta ya oili huvuja, na BMW nyingi za petroli za kizazi hicho hazina kijiti cha kupimia oili. Unasoma kwenye skrini injini ikiwa ya moto. Usiondoke bila kuisoma.

Giaboksi ndiyo sehemu ambayo watu wanadanganyana zaidi. DSG, ile otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili, ya gia sita na klachi zinazoogelea kwenye oili, inataka oili mpya na filta kila kilomita 60,000. Inaingia lita tano na kitu, na kipimo kinachukuliwa oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45, injini ikiwaka, hadi ianze kudondoka yenyewe kwenye bomba la ndani. Fundi anayemimina kwa kukadiria anaua giaboksi yako taratibu. Otomatiki ya gia nane kwenye BMW, inayotengenezwa na kampuni ya ZF, mwenye gari huambiwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Na filta yake imejengwa ndani ya sampo (bakuli la oili) ya plastiki, kwa hiyo unabadilisha sampo nzima. Uliza risiti ya kazi hiyo peke yake. Gari la maili 90,000 lisilo na risiti hiyo, ondoa gharama yake kwenye bei papo hapo, tena bila aibu.

Gari linalovuta magurudumu manne lina yake. Haldex ya Golf R, klachi inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inataka oili kila miaka mitatu, haifiki hata lita moja, lakini gereji nyingi hazifungui pampu kusafisha chujio lake. Chujio likiziba kwa unga wa klachi, pampu inaungua na Golf R yako inavuta kwa mbele tu kama Vitz. Ukiwa na xDrive, yaani BMW inayovuta magurudumu manne, tairi zote nne lazima ziwe za aina moja na zilike sawasawa. Tabia yetu ya kuchanganya mbili mpya na mbili za mtumba inaumiza giaboksi ndogo ya kugawa nguvu, na inaanza kutetemeka ukikata kona polepole.

Volvo V60 yenye injini ya petroli T5 ya silinda tano ni chaguo la mtu mtulivu. Otomatiki yake inatoka Aisin, ndugu wa Toyota. Mkanda wa taimingi una miaka kumi tu, hata kama gari limekaa bandani. Hesabu vizuri.

Sasa bei ya kuuzia tena. Kwetu tunauliza namba D au namba E, yaani gari lilisajiliwa lini. Huku wanauliza makaratasi. Ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, MOT, unaanza gari likifika miaka mitatu, kisha kila mwaka, na historia yake yote unaisoma bure mtandaoni kwa namba ya gari tu. Isome kuanzia chini kwenda juu. Maili ziliwahi kurudi nyuma? "Oili inavuja kidogo" imeandikwa miaka mitatu mfululizo? Tairi zinalika upande wa ndani kila mara? Huyo ni mwenye gari asiyetengeneza. Kagua pia kama liliwahi kufutwa na bima: kundi S maana yake bodi iliumia kimuundo, N siyo ya kimuundo, na yote mawili yanakufuata siku ya kuuza. Na ile hati ya usajili, V5C, inaonyesha anayelitunza gari, si mmiliki, kwa hiyo lipia pia ukaguzi wa kama gari bado lina mkopo.

Funguo mbili, stakabadhi za kila mwaka, tairi nne za kampuni moja, injini ambayo haijaguswa programu yake: hivyo vinarudisha pesa. Rimu kubwa na mlio wa ekzosi unavilipia wewe, mnunuzi anakuona mhuni. Kwa maoni yangu Octavia RS ndiyo salama kuliko zote, haishtui mtu, ina buti ya lita 610, na polisi, baba wa watoto watatu na kijana mpenda kasi wote wanaigombea.

Wewe unayejiandaa kuja, hii ikukae: leseni ya Tanzania unaendeshea miezi 12 tu tangu uwe mkazi wa Uingereza, baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mwanagenzi. Miaka yako kumi ya Dodoma–Morogoro bila ajali, bima nyingi hawaihesabu. Magari ya umri huu yamepangwa makundi ya bima 1 hadi 50, na haya ya kasi yako nusu ya juu. Pata bei ya bima kabla ya kwenda kuangalia gari, siyo baada. Anza na kitu cha Kijapani miaka miwili, ujenge historia.

Na wale wa "tutaileta nyumbani": usukani uko kulia, ndiyo. Lakini chukua gari la zaidi ya miaka kumi, thamani yake bandarini iwe 100. Ushuru wa forodha 25, unafika 125. Juu ya hiyo 125 ongeza ushuru wa bidhaa asilimia 5 kama injini haizidi cc 2,000, au 10 ikizidi, pamoja na 30 ya uchakavu. EA888 ina cc 1,984, inapita kwenye 5. B58 ina 2,998, inakula 10. Malizia na VAT 18 juu ya jumla yote. Ya kwanza inafika karibu 199, ya pili 206 na nusu, bado tozo ndogo ndogo. Na TRA, mamlaka ya mapato, wanatumia thamani yao, risiti yako ya bei ya kutupa utabaki nayo. Anayerudi kuishi moja kwa moja anaweza kuombea gari moja msamaha wa ushuru wa forodha, mradi amelimiliki na kulitumia nje miezi 12 au zaidi.

Ukishalipa yote, unahitaji fundi mwenye kompyuta inayozungumza na gari hilo. BMW ukibadilisha betri lazima uitambulishe kwa mashine, la sivyo inachajiwa kama ile iliyochoka. Na stesheni ya BMW 3 Series iitwayo F31 haina hata shimo la tairi la akiba chini ya buti; inategemea tairi za kutembea bila upepo, kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80. Ukipasukia mbele ya Bahi utafika Manyoni. Hapo ndipo utaanza kuuliza nani ana tairi ya 225/45 R18 ya aina hiyo. Ikiwa iliyopasuka ni ya nyuma, nyingi za toleo la M Sport nyuma zinavaa 255/40, hata kuazima ya mbele huwezi.