Makaburi mawili ya Worms

Jumapili moja ya Novemba 2019 nilipanda treni kutoka Mainz, Ujerumani, nilikokuwa nikisoma, nikashuka mji wa Worms. Kwenye lango la makaburi ya Wayahudi, Heiliger Sand, yaani Mchanga Mtakatifu, mzee mmoja alikuwa akiwagawia wageni vikofia, maana mwanamume haingii kichwa wazi. Aliponifikia aliitazama kofia yangu ya viua, aliyoishona mama Mombasa, akaniashiria nipite.

Watu wamezikwa pale tangu karne ya 11. Sinagogi la mji, ambalo la kwanza lilijengwa 1034, Wanazi walilichoma Novemba 1938, likaja kujengwa upya na kufunguliwa 1961. Makaburi yalisalimika. Mawe yameinama huku na huku, maandishi ya Kiebrania yamelika kwa mvua.

Mzee alitusimamisha mbele ya mawe mawili yaliyo bega kwa bega. Juu yake watu wamerundika vijiwe, na chini ya vijiwe vikaratasi vya dua. La kwanza ni la Rabi Meir wa Rothenburg, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi. Mfalme Rudolf alimfunga 1286, akadai fedha nyingi. Inasimuliwa kwamba rabi mwenyewe alikataa kukombolewa, wafalme wasije wakafanya mazoea. Akafia kifungoni 1293, na hata maiti yake wakaizuia. Miaka 14! Mpaka 1307, Alexander ben Salomon Wimpfen wa Frankfurt alipolipa. Alichoomba ni kimoja tu, azikwe ubavuni mwake. La pili ndilo lake.

Hapo miguu iliniishia nguvu. Mwaka 2011 mjomba alifariki, na hospitali ikakataa kutoa maiti hadi deni liishe. Siku tisa, kwetu sisi tunaozika siku hiyo hiyo. Mama aliuza cherehani. Mimi nilizunguka na daftari la mchango nyumba kwa nyumba, na kilichopungua mwisho alikitoa mchuuzi mmoja wa samaki asiye hata ndugu yetu. Alikataa nisiandike jina lake.

Niliokota kijiwe, nikakiweka kwenye kaburi la Alexander, si la rabi.

Usiku nilimpigia mama, nikamsimulia yote. Alinyamaza kitambo.

"Huyo aliyelipa, mwanangu, aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akaniambia nirudie polepole, apate kulishika.