Rangi iligoma kufifia kwenye plastiki, kumbe dawa haikuwa na kosa

Jamani leo nina furaha mpaka nimeona niandike, maana karibu miezi minne naambiwa "dawa yako imekufa, agiza nyingine" na haikuwa imekufa hata kidogo.

Dawa yenyewe ni spairopirani, na nilikuwa natengeneza filamu zake, yaani utando mwembamba wa plastiki wenye dawa ndani, kwa PMMA, yaani akriliki, hii hii mafundi wa mabango wanayokatia herufi. Spairopirani haina rangi, ukiipiga mwanga wa UV, ule usioonekana kwa macho, inageuka bluu au zambarau, ukiiacha gizani inarudi yenyewe, inajulikana tangu 1952 wala sio jambo jipya. Ikiwa imeyeyushwa kwenye toluini, kiyeyusho cha majimaji, ilikuwa raha tupu, namulika kwa taa ya kukagulia noti niliyonunua Kariakoo elfu kumi na kitu, inakolea, dakika moja mbili imeshasafika. Naiweka kwenye plastiki sasa, nayeyusha vyote kwenye toluini, namimina, inakauka kuwa filamu; rangi inakuja, inaanza kufifia haraka halafu inagoma, kesho yake asubuhi naikuta bado ina uzambarau.

Kaka mmoja aliyenitangulia maabara akasema ongeza dawa. Nikaongeza kutoka asilimia moja hadi tano, filamu ikawa na ukungu, ukiiweka kwenye hadubini unaona vifuwele vidogo vidogo vimejitenga na plastiki. Mwingine akasema mulika muda mrefu zaidi, nikamulika usiku mzima, ikabaki njano na haikubadilika tena. Dawa yenyewe gramu moja ilinitoka kama laki mbili, kwa hiyo mtu asinishauri tena kuongeza tu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba filamu ya Jumatatu ilikuwa inafifia vizuri kabisa, ile ile ukiipima wiki inayofuata imekuwa nzito kufifia. Nikasingizia unyevu wa Dar, nikaziweka kwenye chombo chenye silika, zile punje za kunyonya unyevu, wapi, zikaendelea vile vile. Siku moja nikakata kipande kwa wembe kikanukia toluini! Filamu ya siku tisa, kavu ukiigusa, kumbe ndani bado ina kiyeyusho. Nikaiweka kwenye mizani, nikaandika namba kila asubuhi, ikawa inapungua uzito kidogo kidogo kila siku. Hapo nikakaa chini. Toluini iliyobaki ndiyo ilikuwa inalainisha plastiki na kuipa dawa nafasi ya kujigeuza, na kadiri ilivyotoka plastiki ikakaza.

Maana hii molekuli ni kama mkeka. Ikiwa haina rangi imejikunja, inakaa popote, UV ikiipiga inafunguka na kulala bapa, na ili ijikunje tena inahitaji pa kuzungukia. PMMA inalainika kwenye nyuzi kama 105, sasa kwenye 30 za chumbani minyororo yake imeganda, kila molekuli imekwama kwenye kishimo chake. Zilizopata kishimo kikubwa zinarudi haraka, zilizobanwa zinachukua masaa, ndio maana nikichora logi ya rangi iliyobaki kwa muda, kwenye toluini mstari ulinyooka na kwenye plastiki ukapinda.

Basi nikaanza kuoka. Ya kwanza niliipandisha joto ghafla ikatoka mapovu kama chapati, hiyo nikatupa. Zilizofuata nikapandisha taratibu kwenye ovena ya vakyumu, ile inayofyonzwa hewa, gizani, mpaka nyuzi 110 hivi, nikaziacha usiku kucha, mizani ikaacha kushuka. Zikitoka napima zote saa moja baada ya kupoa, sio moja leo nyingine Alhamisi, kwa sababu hata plastiki kavu inaendelea kujibana yenyewe siku zinavyokwenda. Rangi naipima kwa kuipiga picha, na taa ya kupigia picha usiiache inawaka, mwanga wa kawaida nao unaifuta rangi, mimi wiki tatu nzima nilikuwa napima kazi ya taa nikidhani napima kufifia. Sasa nawasha, napiga na simu, nazima.

Za kuokwa zote zikawa nzito kufifia, lakini kwa mara ya kwanza zikawa nzito kwa namna moja, filamu tano mistari mitano karibu inalaliana. Nikatia dibutili ftaleti kiasi cha moja ya tano ya uzito, kilainishi hicho hakikimbii kama toluini, rangi iliyokuwa inakaa masaa ikaanza kuondoka kwa dakika. Dawa ile ile, chupa ile ile walioniambia nitupe.

Ndio maana hata miwani ya kubadilika rangi, lenzi za polikaboneti huwa wanaipaka dawa kwenye tabaka laini la juu, polikaboneti yenyewe inabana mno. Na msimlaumu fundi wa miwani ikishindwa kukolea juani Dar, joto linairudisha dawa haraka, kwenye baridi ingekolea zaidi.

Yule kaka jana kaja kuniuliza nimeoka kwa nyuzi ngapi. Nimemwandikia kwenye karatasi, pamoja na muda wa kupoza.