Nilipoacha Kucheka Nisipotaka

Mkono ulinigusa kichwani nikiwa nimesimama ndani ya tramu, gari la abiria linalopita kwenye reli za barabarani, katikati ya jiji la Sofia, wiki yangu ya pili nchini Bulgaria. Niligeuka nikamkuta mama wa makamo, uso wake mwema kabisa, ameshika msuko wangu mmoja kwa vidole viwili anaupapasa kama mtu anayepima ubora wa kitambaa. Akasema maneno ambayo sikuyaelewa. Nikacheka. Akamwita mwenzake aliyekuwa amekaa dirishani, naye akaja akashika. Nikacheka tena. Waliposhuka walinipungia mkono kwa furaha, nami nikawapungia. Tramu ilipoondoka ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nimeling'ang'ania lile bomba la kushikia mpaka vidole vinauma.

Usiku ule nilimpigia dada yangu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti yako imepooza?”

Nikamsimulia yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, nami nikawa nangoja anipe pole. Badala yake akauliza, “Uliwaambia hutaki?”

“Hapana, dada.”

“Ulifanyaje?”

“Nilicheka.”

“Sasa wao wangejuaje?”

Liliniuma swali lile. Nilimwambia nimechoka, nikakata simu mapema. Nilikuwa nimetaka awe upande wangu, nikaona kama amewatetea watu asiowajua. Lakini sikulala vizuri, maana kila nilipojaribu kulijibu swali lake nilikosa jibu.

Mimi si mtu wa ugomvi. Tangu utotoni, nikibanwa mahali hucheka, kicheko kifupi cha puani, na wanaonifahamu wanajua maana yake: hapo umenigusa pabaya, acha. Miaka yote kimenitosha. Nilikuwa nimebeba kicheko hicho hadi Sofia nikidhani kila atakayekiona atakielewa.

Nami nilipaswa kushtuka mapema zaidi, kwa sababu somo lenyewe nilikuwa nimeshalipata kituo cha basi. Siku yangu ya tatu nilimwuliza dereva kama basi lake linafika chuo nilichokuwa nakwenda kusoma kozi ya miezi saba. Akapeleka kichwa kulia na kushoto. Nikashukuru, nikashuka. Likaja basi la pili lenye namba ileile, nikauliza tena kwa matumaini kwamba huenda hili lina njia nyingine. Kichwa kikaenda kulia na kushoto. Binti mmoja aliyekuwa akingoja pale alinionea huruma, akaniambia kwa Kiingereza kwamba madereva wote wawili wamenijibu ndiyo. Bulgaria ni moja ya nchi chache ambako watu wengi hukubali kwa kutingisha kichwa kulia na kushoto, na hukataa kwa kukiinua juu mara moja, wakati mwingine wakiambatanisha na mlio mdogo wa ulimi. Tena baadhi yao wakimwona mgeni huigeuza ishara ili kumsaidia, kwa hiyo unaweza kukutana na watu wawili asubuhi moja, kila mmoja akitumia kanuni yake.

Ufumbuzi wangu ulikuwa kutokiangalia kichwa. Nilisubiri neno. *Da* ni ndiyo, *ne* ni hapana, na neno halikunidanganya hata siku moja. Lakini nilidai neno kutoka kwa madereva, huku mimi mwenyewe nikiwapa watu uso wangu tu, wausome watakavyo.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2016 mwanasaikolojia wa Poland, Kuba Kryś, na wenzake walichapisha utafiti uliogusa tamaduni 44: watu walionyeshwa picha za nyuso zinazotabasamu na zisizotabasamu, wakaulizwa wanawaonaje wenye nyuso hizo. Sehemu kadhaa anayetabasamu alionekana mwerevu zaidi. Sehemu nyingine chache, Japani na Urusi zikiwamo, ilikuwa kinyume. Warusi wana hata msemo kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu. Niliposoma hayo nilikumbuka nyuso za watu kwenye foleni na maofisini, watu niliowatabasamia nao wakaniangalia tu. Nilikuwa nimewahesabu kuwa wananichukia. Kumbe wengi wao walikuwa wakijiuliza huyu anacheka nini.

Basi nikaamua kujifunza maneno manne, si arobaini. *Izvinete*, samahani. *Ne, blagodarya*, hapana, asante. *Ne razbiram*, sielewi. Na *molya*, tafadhali. Niliyafanyia mazoezi kwa sauti mbele ya kioo cha bafu la hosteli, na ninasema kwa dhati kabisa kwamba kuyakariri hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuyasema bila kucheka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mdomo ulisema *ne* na mashavu yakapanda yenyewe. Ilinichukua kama wiki mbili kupata uso uliotulia: haujakunja, haujachekelea, macho yanamtazama mtu, sauti ya kawaida ya mazungumzo. Mtu anayekataa kwa sauti ya juu huku anacheka anatuma barua mbili ndani ya bahasha moja, na mpokeaji huchagua aipendayo.

Nilipoanza kuyatumia nilikosea kwa upande wa pili. Jioni moja nilifika stesheni kuu ya treni na sanduku zito. Nikiwa naanza kupanda ngazi, mkono wa mwanaume ukashika mpini. Nikasema “*Ne!*” kwa ukali uliowageuza watu wawili watatu. Alikuwa mzee, umri wa babu. Aliachia sanduku mara moja, akarudi nyuma hatua moja akiwa ameinua viganja, na uso wake ulionyesha kuumia kweli. Niliishiwa nguvu. Ningeweza kuendelea kupanda na kuliacha jambo lipite, na siku zilizotangulia ningefanya hivyo. Nilisimama nikasema “*Izvinete*,” nikaweka mkono kifuani. Halafu nikaonyesha sanduku, nikasema “*Molya*.” Akanitazama kwa muda, akalibeba hadi juu, akaliweka chini taratibu, akaenda zake. Sikumwona tena, lakini nimemfikiria mara nyingi. Kumbe *hapana* inaweza kurudishwa. Nikikosea kwa kukataa, bado nina nafasi ya kuomba radhi palepale. Nikikosea kwa kucheka, mtu ameshashuka tramu akiamini tumeachana vizuri.

Hosteli yenyewe ilikuwa na wageni wa kila taifa, na huko aibu zilikuwa za namna nyingine. Kulikuwa na kijana wa Argentina ambaye tukiongea jikoni alinisogelea hadi nikahisi pumzi yake. Nikirudi nyuma hatua, anasogea hatua. Tulianza mazungumzo kwenye jiko tukayamalizia mlangoni. Nilianza kumkwepa, nikidhani ana nia yake. Jambo hilo nalo limepimwa: mwaka 2017 ulitoka utafiti wa watu karibu 9,000 katika nchi 42 kuhusu umbali ambao mtu anaona unafaa kati yake na mgeni. Walioridhika na umbali mdogo kuliko wote walikuwa wa Argentina, na waliotaka umbali mkubwa kuliko wote walikuwa wa Romania, yaani majirani wa hapohapo Bulgaria upande wa kaskazini. Namba za namna hiyo hazisemi lolote kuhusu kijana mmoja jikoni, na mtu ni mtu kabla hajawa taifa. Lakini zilinipa sababu ya kumwuliza badala ya kumhukumu. Nilimwambia, “Mimi nikiongea na mtu napenda nafasi kidogo, usinielewe vibaya.” Akarudi nyuma papo hapo, akaniomba radhi, na mwisho akaniambia alikuwa akidhani mimi ndiye simpendi, kwa vile kila akija karibu ninaondoka.

Maswali nayo yalikuwepo. Unalipwa kiasi gani, umeolewa, kwa nini hujaolewa, dini yako ipi. Mengine niliyajibu, mengine nilisema, “Hilo sipendi kulizungumzia. Wewe je, umefikaje hapa?” Karibu kila mtu ana hamu ya kueleza alivyofika mahali alipo. Sikupata shida kubwa hapo.

Shida kubwa ilikuja usiku wa Novemba, kwenye tramu iliyokuwa karibu tupu. Mwanaume mlevi alikaa kiti cha mbele yangu, akageuka, akaanza kunisemesha. Maneno mengi sikuyajua, lakini machache aliyoyasema kwa Kiingereza yalinitosha kuelewa kwamba ananitukana kwa ajili ya rangi yangu. Nilisikia kile kicheko kikipanda kooni. Nakumbuka wazi kabisa nilivyokizuia. Nilijiambia: huyu usimpe uso wala neno. Hata *ne* sikumwambia, kwa sababu anayetaka ugomvi hutumia jibu lako kuendelea. Niliinuka, nikaenda walipokaa mke na mume wazee karibu na dereva, nikamtazama yule mama machoni, nikasema, “*Izvinete. Molya*,” nikionyesha kiti cha pembeni yake na kisha kule nilikotoka. Alielewa kabla sijamaliza. Alisogeza mkoba wake nikakaa, na mumewe akainuka akasimama kwenye njia katikati ya viti. Simu nilikuwa nayo mkononi tayari kupiga 112, namba ya dharura inayotumika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Haikuhitajika. Yule mtu alishuka kituo kilichofuata huku akiendelea kutukana.

Kama ningesimama nikasema “nisaidieni” kwa watu wote, sijui nani angeinuka. Nilimchagua mtu mmoja nikamwomba kitu kimoja. Tangu hapo nikipanda chombo cha usiku huwa nachagua mapema: nikibanwa, nitamwendea nani.

Kesho yake nilimwuliza mwanafunzi mwenzangu, Mbulgaria, swali ambalo leo naona aibu kwamba nilihitaji kuliuliza. Nilimwuliza kama pengine ule ni utani wa kwao, kama pengine sikuelewa. Maana nilikuwa nimejizoesha sana kusema “labda ndivyo walivyo” hata nikawa karibu kulimeza na tusi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Hapana. Hiyo si desturi ya mtu yeyote. Huyo amekukosea.” Nilihitaji kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mwenyeji. Yalinipa pa kusimama: umbali, kichwa, macho, maswali, hayo nitayauliza na kujifunza. Tusi silitafutii tafsiri.

Nilimpigia dada tena. Safari hii nilimweleza nilivyohama kiti na nilivyomwomba yule mama. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Pole sana, mdogo wangu.” Pole ile ilinifikia.

Wiki moja kabla ya kuondoka, nilikuwa kituo cha tramu asubuhi. Mama kijana alikuwa na binti yake wa miaka kama sita, na mtoto alikuwa akiitazama misuko yangu bila kupepesa. Akamnong'oneza mama yake. Mama akanitazama usoni kwanza, akaonyesha kidole kwenye nywele zangu, kisha mkono wa mtoto, akauliza, “*Mozhe li?*” Inaruhusiwa?

Nilitafakari kidogo. Nilikuwa nimechoka, nywele nilikuwa nimezisuka jana yake na kichwa bado kinauma. Nikamtazama mtoto, nikasema taratibu, “*Ne, blagodarya*.”

“*Dobre*,” akasema mama, sawa, bila kununa. Akamgeuza mtoto begani, akamwonyesha mlima Vitosha uliokuwa umepata theluji usiku ule, nasi tukasimama watatu tukiutazama mpaka tramu ikaja.