Siku Yangu na Wanafunzi Wangu wa Japani

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Mama, huyo unayepiga naye soga usiku kucha ni nani?" Si soga, ni kazi. Ninafundisha Wajapani Kiingereza cha kuongea, kwa intaneti, kutoka chumbani kwangu Bamburi, Mombasa.

Saa sita usiku naanza. Tokyo imetutangulia kwa saa sita, na wao huanza kuhesabu saa usiku wa manane, sisi asubuhi, kwa hiyo sihitaji kupiga hesabu: sita yao ya asubuhi ndiyo saa sita yangu ya usiku, tisa yao ya usiku ndiyo saa tisa yangu ya mchana. Hadi saa tisa usiku nimeshapitisha wanafunzi sita, dakika 25 kila mmoja. Nalala kidogo.

Saa moja asubuhi watoto washaenda shule. Naosha vyombo, napika, nalala tena, siupati usingizi.

Saa tisa alasiri anaingia mhandisi mmoja wa Nagoya. Wiki ijayo anasafiri kikazi. Namuuliza, "Do you mind if I sit here?" Anatabasamu: "Yes, please." Ukiyachukua maneno yalivyo, hapo amemkatalia mtu kiti.

Nikaeleza. Kimya. Zamani kimya hicho kilinitia wasiwasi, nikawa nawakatiza. Sasa najua mtu anafikiri, nasubiri. Akasema "I'm sorry", akakosea tena, akasema "I'm sorry" tena. Stima ikapotea. Nikahamia kwenye simu, bando likayoyoma, koo limenikauka, naye bado yupo, kalamu mkononi.

Nikarudi nyuma. "Didn't you eat?" Akajibu "Yes", maana yake hajala. Hapo nikamwelewa kabisa, maana hata sisi mtu akituuliza "Hujala?" tunajibu "Ndiyo, sijala." Kijapani ni vivyo hivyo, unayakubali maneno ya muulizaji. Kiingereza hakimtazami muulizaji, kinatazama kama chakula kimeliwa. Nikachora sahani mbili kwenye karatasi, moja tupu, ya asiyekula, moja ina wali, ya aliyekula. Chini ya tupu nikaandika "No", chini ya yenye wali "Yes", nikaisogeza kwenye kamera. Kisha nikamwambia "mind" ni kukereka: ninakuuliza kama utakereka, nawe hukereki, basi jibu ni "No".

Akaangalia sahani zile muda mrefu. "No... not at all. Please, sit." Nilipiga makofi peke yangu gizani, madirisha nimeyafunga kwa ajili ya kelele za matatu.

Kabla ya kuaga akasema "otsukaresama deshita", wanavyoambiana Wajapani kazi inapoisha, akauliza Kiingereza wanasemaje. Nilitafuta. "Good job" ni ya bosi kwa mfanyakazi, "thank you" haifiki. Nikamwambia Kiingereza hakina, lakini sisi tunalo: pole na kazi.

"Pore na kazi," akasema, akainamisha kichwa.

Ile r sikuigusa. Dakika zake zilikuwa zimekwisha na mwingine alishabisha hodi.